Mwaka Tuliojifunza Mpira wa Magongo

Nilipoingia kidato cha pili, mwalimu mkuu wetu alisimama kwenye gwaride la Jumatatu akatangaza kwamba kila msichana lazima awe na mchezo mmoja na chama kimoja. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulikuwa bado mgeni, na shule yetu ya kutwa pale Kisumu ilikuwa na vitu vipya kila upande: karakana ya useremala iliyonukia vanishi, chumba cha sayansi kimu chenye cherehani, na shamba la sukuma wiki ambalo tulilimwagilia kwa zamu huku tukinung'unika.

Chama hakikunipa taabu. Nilijiunga na jarida la shule kwa sababu wanachama wake walikutana kivulini. Mchezo ndio ulionishinda. Netiboli ilitaka warefu na mimi nilikuwa mfupi. Kwenye riadha nilimaliza wakati wenzangu wameshabadilisha viatu. Mwisho wa wiki tuliokataliwa kila mahali tulikuwa kumi na wawili, na mwalimu wa michezo, dada mmoja aliyekuwa ametoka chuoni juzi tu, akakosa la kutufanyia. Akatutuma tusafishe stoo iliyokuwa nyuma ya ukumbi.

Huko ndani, chini ya mapazia yaliyotobolewa na panya, tulikuta sanduku refu la mbao. Lilikuwa limejaa fimbo nzito zilizopinda nchani. Tepu za mipini zilikuwa zimeoza, lakini mbao zenyewe zilikuwa nzima.

"Hayo ni magongo ya hoki," mwalimu alisema.

"Madam, unajua kucheza?" akauliza rafiki yangu. Huyu alikuwa msichana wa kutoka Kombewa, mrefu, asiyeogopa kuuliza kitu. Aliishi kwa shangazi yake Migosi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Netiboli wangemchukua, ila aligombana na kapteni siku ya kwanza.

"Sijui," mwalimu akajibu. "Nimeona kwa televisheni tu."

Mwalimu mkuu ndiye aliyetueleza yalikotoka. Wakati wa ukoloni shule yetu ilijengwa kwa ajili ya mabinti wa familia za Kihindi peke yao, na hao ndio waliocheza hoki. Baada ya Uhuru milango ikafunguliwa kwa wote, na miaka ilivyozidi kwenda wale mabinti wakapungua, mpaka darasani kwetu walikuwa wamebaki wawili. Tulikuwa tumeona majina yao yamechongwa kwenye madawati ya zamani, lakini hakuna aliyekuwa amejiuliza walikuwa akina nani.

Mimi na rafiki yangu tukatumwa mjini kutafuta tepu. Tuliingia duka moja la vyuma na rangi. Nyuma ya kaunta alikaa mama wa Kisingasinga, mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Tepu ya nini?" akauliza.

"Ya kufunga gongo, Mama. Gongo la hoki."

"Lete nione."

Rafiki yangu akampa. Yule mama akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mbao, kisha akatuuliza tunasoma wapi. Tulipomtajia shule akalitazama tena lile gongo. Halafu akatoka nyuma ya kaunta, akasimama katikati ya mikebe ya rangi, akapiga magoti nusu na kulishika gongo kwa mikono miwili.

"Nyathina, bi ka," akaniambia, yaani mwanangu, njoo hapa, kwa Kijaluo kilichonyooka kama cha bibi yangu. Nikasogea. "Mkono wa kushoto juu. Huu wa kulia haukazi, unaongoza tu. Umeona?"

Mume wake, mzee mwenye kilemba cha buluu, alitoka stoo akamuuliza jambo kwa lugha yao. Mama akamjibu bila kumtazama. Baadaye tulikuja kujua alichomwambia: kwamba Jumatano jioni asimtegemee dukani.

Na Jumatano akaja kweli, akiendesha pikapu ya duka mwenyewe. Chini ya nguo yake ndefu alivaa raba nyeupe. Kwanza alikagua uwanja, akatufukuzisha ng'ombe wa jirani waliozoea kulishwa pale, kisha akatupanga mstari. Alituambia alikuwa kapteni wa timu hapo hapo shuleni, akiwa na umri kama wetu. Alipofika kwangu akanitazama kutoka chini hadi juu.

"Wewe huna mbio, sivyo?"

"Sina, Mama."

"Unaogopa mpira?"

"Kidogo."

"Kila mtu anaogopa kidogo. Nenda golini."

Hivyo ndivyo nilivyopata mchezo. Kipa anahitaji vifaa vya kukinga miguu, na shule haikuwa navyo, kwa hiyo mwalimu wa sayansi kimu alikubali nivishone kama kazi yangu ya muhula. Nilitumia sponji ya godoro kuukuu na gunia la sukari. Alinipa alama nzuri kwa mshono, ila kando akaandika kwamba vazi halina umbo. Kule karakana, wasichana wa useremala walipiga msasa magongo yote na kuyapaka vanishi mpya.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi hivyo. Mama yangu aliuza samaki soko la Kibuye. Alfajiri alikwenda Dunga kuwapokea wavuvi, na alirudi jioni amechoka. Siku moja aliniona naosha goti lililovimba.

"Nimekupeleka shule usome ama upigwe na miti?"

"Ni mchezo, Mama. Unaitwa hoki."

Alikuwa anapara samaki wa chakula chetu. Kisu kikasimama. "Hoki naijua," akasema.

"Umeijulia wapi?"

"Maliza kuosha hilo goti, mboga itachelewa."

Nilimjua mama yangu vya kutosha kutouliza mara ya pili.

Mechi yetu ya kwanza tulikwenda kucheza na shule moja ya bweni ambayo ilikuwa na uwanja laini na sare za kupendeza. Walitufunga saba. Bao la sita nilikuwa nimeelekea upande usiofaa kabisa. Kwenye lori la kurudi tulihesabu michubuko yetu mpaka kocha wetu, yule mama wa duka, aliyeketi mbele na dereva, akageuka akasema kupitia dirishani, "Saba si mbaya. Mimi nilitegemea kumi." Rafiki yangu akaanza kucheka, tukacheka sote, na kufika mjini tulikuwa tunaimba.

Mechi ya marudiano iliangukia siku ya wazazi. Uwanja ulichorwa chokaa, viti vikatolewa ukumbini, na mama yangu akaja. Sikumtarajia, kwa kuwa siku ya soko hakuwahi kuikosa. Alivaa rinda lake la kanisani na leso mabegani. Kabla ya michezo mwalimu mkuu alisoma historia ya shule: walioijenga, walimu wakuu waliopita, madarasa yalivyoongezwa. Tuliokuwa kwenye jarida ndio tuliokuwa tumemkusanyia sehemu ya habari hizo, nami nilisikia raha kusikia sentensi zangu mbili zikisomwa kwa kipaza sauti.

Kisha tukacheza. Wageni walipata bao mapema, na la pili likapita kati ya miguu yangu na sponji zake. Lakini kipindi cha pili walianza kuchoka kwenye nyasi zetu ndefu. Rafiki yangu akaunyakua mpira katikati ya uwanja, akakimbia na miguu ile mirefu, akaupiga. Uligonga mwamba, ukaingia. Shule nzima ikavamia uwanja. Wapishi walitoka jikoni na miko mikononi. Refa alichukua muda mrefu kuwarudisha watu, na mechi ilipokwisha mbili kwa moja, wageni walitutazama tunavyorukaruka wakashindwa kujua kwa nini wao walioshinda hawana furaha kama yetu.

Nilipokuwa navua sponji zangu nilimwona mama yangu amesimama mbele ya kocha wetu. Nikaogopa. Nilidhani anamlaumu kwa goti langu. Nikasogea mbio, kadiri ya mbio zangu.

"Nilikuwa napita hapo nje ya ua," mama alikuwa anasema, akionyesha upande wa barabara. "Nikiwa msichana. Natoka Dunga na karai la samaki kichwani, nawauzia wapishi wa nyumba za huku. Mlikuwa mnacheza. Mpira ukitoka, mlituita tuwarudishie."

Kocha akamwangalia kwa makini. Walikuwa wa rika moja, ingawa sikuwa nimewahi kuliwaza hilo.

"Basi tumewahi kucheza pamoja," akasema, akitabasamu.

"Hapana," mama akasema. Hakusema kwa hasira. "Sisi tuliokota tu."

Kocha hakutabasamu tena. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, akairudisha. "Ni kweli," akasema. "Na sisi hatukuuliza kwa nini mko nje. Mimi sikuuliza."

Sikujua pa kutazama. Kisha kocha akainama, akaokota gongo langu kwenye nyasi, akamnyoshea mama yangu.

"Mkono wa kushoto juu," akamwambia.

Mama akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta kisingizio. Halafu akaishusha leso mabegani akaifunga kiunoni, akavua viatu vya kanisani, akalipokea. Pigo la kwanza lilikata hewa, na wapishi wakapiga kelele. La pili lilishika. Mpira ukaenda moja kwa moja, ukapita goli langu lililokuwa tupu, ukapita chokaa, ukagonga ua wa barabarani na kubaki ndani.

"Gongo ni zito," mama akasema. "Nilidhani ni jepesi."

"Rudia," kocha akasema. Akarudia mara nne, na kila mara mimi ndiye niliyetumwa kuufuata mpira.

Timu ile iliendelea hata baada yetu kumaliza kidato cha nne. Kocha alikuja kila Jumatano, na siku ambazo pikapu iligoma mzee wa kilemba cha buluu alimleta kwa baiskeli, jambo lililotuchekesha mno. Mwaka uliofuata tulishinda mechi mbili.

Lakini jioni ile ya siku ya wazazi tulitembea kurudi Migosi, mama na mimi, yeye amebeba viatu vyake mkononi. Alitangulia mbele yangu hatua mbili. Nikadhani amekasirika.

"Niambie," akaanza hatimaye. "Mpira ukigonga mguu wa mtu, kwa nini wanapuliza filimbi? Na wewe mbona ulikuwa unaupiga teke?"

Nikamweleza kwamba kipa anaruhusiwa. Akauliza na juu ya kona, na ile duara iliyochorwa mbele ya goli, na kwa nini upande mmoja wa gongo ni bapa. Nilimjibu yote niliyoyajua mpaka tukafika mlangoni, na mengine nikamwahidi kuyauliza Jumatano.