Namba Zisizopatikana

Gunia la mkaa nililonunua leo linanuka tumbaku, na mara niko tena utotoni kwenye bani letu la kukaushia tumbaku, mama na mimi tukifunga majani mabichi kwenye fito.

"Mbona umenuna?"

Nikamweleza hesabu ya kipeo cha pili tuliyopewa shuleni. Ili igawanyike kuwa mabano mawili, tutafute namba mbili: zikizidishwa zilete moja, zikijumlishwa zilete moja. Darasa zima tulihangaika. Mwishoni mwalimu akasema katika namba halisi hazipo.

"Amejuaje, na hajazijaribu zote?"

"Kuna kanuni, mama. Unajua hata kabla ya kutafuta."

Mama aliangalia njia ya machimboni, alikokwenda kaka asirudi.

"Baba yako kesho anaenda tena kumtafuta," akasema. "Hiyo kanuni usimwambie."