Utumwa Kama Alivyousimulia Mreno Wangu

Mwaka 2012 hivi nilikuwa nikimwendesha mhandisi mmoja Mreno kutoka Al Wakrah hadi ofisini kwao Al Sadd, huko Uarabuni nilikokuwa dereva wa kampuni. Alikuwa mtu mzuri, hilo niliseme mapema. Hakuwahi kuingia garini bila kunisalimia, na mara nyingi aliniletea maji baridi. Lakini alikuwa na wimbo mmoja tu: Waarabu na utumwa.

"Rafiki yangu, hawa ndio waliowauza babu zako." Asubuhi hivyo, jioni hivyo.

Siwatetei Waarabu. Walifanya, na kwetu Kenya linajulikana. Kilichonichosha ni kwamba kwake habari iliishia hapo. Mimi niliishia darasa la nane, kwa hiyo nilijitilia shaka: si tulifundishwa kwamba Wareno, Waingereza, Wafaransa na Waholanzi walipeleka meli Afrika Magharibi, wakavusha watu Atlantiki kama mizigo? Nikatafuta kwenye simu. Sikukosea. Hata Wadenishi walikuwamo, hilo sikulijua.

Mganda niliyekaa naye chumba kimoja, dereva pia, alinicheka. "Ssebo, umekuja kuendesha gari ama kufundisha? Kumbuka fomu."

Kila Alhamisi abiria alijaza fomu ya kampuni kuhusu dereva wake. Ukiandikiwa vibaya, unatolewa kwenye gari dogo lenye kiyoyozi kizuri, unapewa basi la vibarua, na saa kumi alfajiri uko barabarani. Kwa hiyo nikameza maneno yangu, wiki baada ya wiki.

Alhamisi moja akaanza tena. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, "Ni kweli, bosi. Na Wareno waliwapeleka wengi Brazili."

Akajibu, "Hiyo ni zamani sana."

"Na hii ya Waarabu ilikuwa jana?"

Hapo huenda nilizidisha. Sauti ilinipanda, nakubali. Tulipofika akajaza fomu juu ya goti, akanishukuru, akashuka.

Jumapili msimamizi akanisomea. Usafi: vizuri. Uendeshaji: vizuri sana. Maoni: dereva anaongea mno. Nikakabidhiwa funguo za basi.

Nimejaribu kumwelewa. Kwenye uendeshaji alisema haki, angeweza kuniharibia hata hapo. Lakini kuongea! Miezi minne, kwenda na kurudi, yeye hakufunga mdomo. Mimi nilisema mara mbili.