Radhi ya Refa wa Mtaa

Usi Kificho alikuwa beki wa kushoto wa timu ya Mwangaza kuanzia saa kumi jioni. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa viyoyozi. Asubuhi alitoka chumbani kwake Vikokotoni na begi la spana begani, jioni akaenda mazoezini na begi la njumu, na mara nyingi lilikuwa begi hilo hilo moja, jezi imelalia bisibisi. Mpira wa Unguja haumlishi mtu peke yake, na Usi hakuwahi kulalamikia hilo. Aliletwa mjini na mguu wake wa kushoto akiwa na miaka kumi na saba, akamwacha mama yake, Bi Mwanakheri, Mkokotoni na biashara yake ya dagaa.

Miaka miwili nyuma, katika fainali ya kombe, dakika ya themanini na nane, timu zikiwa sare ya bao moja kwa moja, Usi alimrudishia kipa mpira. Mpira ukawa mfupi. Mshambuliaji wa wapinzani akaunasa njiani, akafunga, na hiyo ikawa ndiyo mechi. Kosa lenyewe halikufika hata urefu wa chafya.

Waliomzomea uwanjani aliwavumilia. Watu wa barazani nao walimwambia usoni kwamba ana miguu ya meza, halafu wakamsogezea kahawa. Matusi ya aina hiyo yana mwisho, kwa sababu anayetukana anakuona unavyokunywa, na hujisikia vibaya akizidisha. Lililomvunja ni andiko moja kwenye ukurasa wa mashabiki wa Mwangaza, la mtu aliyejiita Refa wa Mtaa.

"Hili si kosa, hii ni biashara," aliandika. "Siku mbili kabla ya fainali, kijana huyu alionekana akitoka mlango wa nyuma wa hoteli moja ya Mbweni, begi zito begani. Hotelini humo viongozi wa wapinzani walikuwa wakila chakula cha mchana. Muulizeni begi lilikuwa na nini."

Lilikuwa na spana, bisibisi na mtungi mdogo wa gesi. Lakini nani aulize? Refa wa Mtaa aliandika Kiswahili safi, nukta na koma mahali pake, na watu wetu wakiona koma imekaa mahali pake huamini kila kilichoandikwa mbele na nyuma yake. Kabla ya usiku kuingia maoni yalipita elfu. Walimwita msaliti. Wakatengeneza picha ya uso wake ukichungulia kwenye ungo wa dagaa, wakaandika chini yake: bei ya jumla. Refa akaendelea kuandika mwezi mzima, kwa sababu kila alipoandika walimpigia makofi.

Usi aliwaambia wenzake kwamba hayo hayasomi. Mwongo mkubwa! Aliyasoma yote. Aliyasoma juu ya ngazi, kiyoyozi cha watu kimefunguliwa tumbo, na mwenye hoteli akifikiri fundi anatafuta namba ya kifaa. Uwanjani akawa harudishi tena mpira nyuma hata kwa dawa. Ukimfikia aliufyatua jukwaani, popote pale, ilimradi usiwe mguuni mwake. Kocha alimstahamilia nusu msimu, kisha akamweka benchi.

Haya yote angeyameza. Lakini kabla ya fainali ile alikuwa amenunua majamvi kumi mapya na kuyapeleka kwenye chuo alichosomea Kurani utotoni, Mkokotoni. Wiki mbili baada ya lile andiko, mwalimu wa chuo aliyarudisha kwa Bi Mwanakheri, yamekunjwa vizuri. Alisema kwa adabu kwamba yakae kwake kwanza, maana watu wanasema hayakununuliwa kwa pesa ya halali. Bi Mwanakheri alikaa nayo miezi mitatu chini ya kitanda bila ya kumwambia mwanawe. Siku Usi alipoyaona, alilia mbele ya mama yake, mtu mzima na ndevu zake. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani: jina lake lisafishwe mbele ya mama yake.

Sasa, mwaka huu, kabla ya Hija, Mzee Abdulwahid alianza kuzunguka kuaga. Mzee Abdulwahid ni fundi saa. Kibanda chake kiko chini ya ngazi ya nyumba moja ya Mkunazini, na Usi alipita mbele yake kila asubuhi akamwamkia. Kwa upole, mtaa mzima haukuwa na wa kumshinda. Kama ilivyo ada, anayekwenda Makka hupita nyumba kwa nyumba kutaka radhi, ili asiende na haki za watu shingoni. Jumamosi alipiga hodi kwa Usi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Alkhamisi nnaondoka, Mungu akijaalia. Nimekuja kukuaga na kukutaka radhi. Kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, kwa ulimi au kwa mkono, niwie radhi."

"Nshakusamehe, Mzee, dunia na akhera. Na mimi uniwie radhi. Ukatuombee."

Ndivyo tunavyojibu sote. Hakuna anayeuliza anasamehe nini, na mara nyingi hakuna kitu cha kusamehe. Mzee Abdulwahid akashukuru, akaenda zake.

Jumapili baada ya alasiri akarudi. Usi alimkaribisha, akamtilia sharubati, lakini mzee hakuigusa.

"Nimekuja kukurudishia radhi yako," alisema.

"Vipi tena, Mzee?"

"Jana ulinisamehe hujui unasamehe nini. Leo kwenye darasa la mahujaji shekhe katwambia hiyo haitoshi, lazima mwenye haki ajue. Nimekaa msikitini tangu adhuhuri natafuta njia ya kuikwepa, sikuiona. Usi, mimi ndiye Refa wa Mtaa."

Usi alicheka, akidhani ni mzaha wa kizee. Mzee Abdulwahid akatoa simu yake janja, aliyonunuliwa na binti yake Salhiya, akaifungua kwenye akaunti ya Refa wa Mtaa na kumpa. Maandiko yote yalikuwamo, moja baada ya jingine, pamoja na picha ya ungo. Usi aliyajua kwa moyo. Akaiweka simu chini.

"Kwa nini, Mzee?"

"Nilikwenda Mbweni kupeleka saa ya mtu, nikakuona unatoka na begi. Tulipofungwa nilikuwa na hasira, nikataka iwe na sababu. Nikaandika. Watu elfu wakanisifu usiku mmoja. Mimi miaka arubaini natengeneza saa, mwanangu, na hakuna aliyenipa zaidi ya ahsante."

"Ungeniuliza! Kila asubuhi napita mbele yako!"

"Ningekuuliza, ungenijibu," alisema mzee, na macho yake hayakuinuka kutoka sakafuni.

Hasira ilimpanda Usi hadi masikioni. Mtu huyu alikuwa akiitikia salamu zake kila siku, jicho moja limebana kile kikombe cheusi cha kioo cha mafundi saa, na jioni anakwenda kumchinja. Alitamani kumtoa nje kwa mkono. Kilichomzuia ni umri wa mzee tu, na hata huo ulikuwa unakaribia kushindwa.

"Ulinichafua mbele ya watu maelfu," alisema, "halafu unakuja kunitaka radhi chumbani, mimi na wewe na glasi ya sharubati? Nenda kaseme pale pale uliposema. Kwa jina lako na kwa sura yako. Hapo ndipo nitakupa."

"Mimi mtu mzima, Usi. Nina wajukuu skuli."

"Mama yangu naye ni mtu mzima."

Mzee alinyanyuka polepole, akavaa viatu, akaondoka.

Jumatatu asubuhi video ilitoka. Mzee Abdulwahid alikaa mbele ya kibanda chake, kanzu na kofia, Salhiya akimrekodi. Alitaja jina lake na la baba yake. Alisema Refa wa Mtaa ni yeye, Usi hakuuza mechi, begi lilikuwa la kazi, na yeye alitunga kwa hasira na akaendelea kwa kupenda sifa. Hakujitetea hata neno moja.

Jioni mama yake alipiga simu. "Usi!"

"Naam, mama."

"Mwalimu wa chuo katoka hapa baada ya adhuhuri. Kaja mwenyewe kuyachukua majamvi, kayabeba kichwani mchana kweupe, na njiani kila anayemuuliza anamwambia ni ya Usi wa Mwanakheri." Usi alimsikia akipenga kamasi, na yeye akaegemea ukuta, moyo umemjaa furaha ambayo alikuwa ameshaisahau. Usiku huo alilala.

Jumanne aliamka na kusoma maoni, safari hii kwa raha zake. Yalikuwa yamevuka elfu mbili. "Mzee mzima hana haya." "Unakwenda Hija kumdanganya nani, mnafiki?" Mtu alikuwa amechukua picha ya Mzee Abdulwahid kibandani na kumbandika kadi nyekundu kwenye paji la uso. Mwengine aliomba ndege isifike. Usi akaicheka ile kadi nyekundu, akaibonyezea alama ya moyo. Akashuka chini zaidi, na huko akakutana na yule yule aliyetengeneza picha ya ungo wa dagaa. "Pole sana kaka Usi," kaandika, "sisi tulikuwa na wewe siku zote." Kisha chini yake kaendelea kumtukana mzee, kwa matusi yale yale aliyomtukania Usi, hata hakujishughulisha kuyabadilisha.

Kile kicheko kikamkauka. Alirudi juu, akautazama moyo mwekundu alioubonyeza, na jina lake pembeni, Usi Kificho, wazi kabisa. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu aliyekutwa. Akauondoa, lakini alijua ulikuwapo.

Jumatano kibanda cha saa kilifungwa. Jirani alisema mzee hajatoka tangu jana, hata sala anaisalia nyumbani. Baada ya alasiri Usi akaenda kwake. Salhiya ndiye aliyemfungulia, macho mekundu, na hakumwambia karibu. Alimpisha tu.

Mzee Abdulwahid alikuwa kaketi kwenye mkeka, sanduku lake la safari limefungwa kando. Alikuwa amepungua kwa siku tatu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nilifanya ulivyotaka, Usi."

"Nimeona."

"Salhiya ananikataza kuyasoma. Nayasoma." Akamtazama Usi. "Hivi ndivyo ilivyokuwa kwako? Miaka miwili?"

"Ndivyo."

Mzee akafunika uso kwa viganja, na machozi yakampenya vidoleni. Usi alikuwa ameingia na maneno yake yamepangwa, yakampotea yote. Akakaa kwenye mkeka karibu yake, akaushika ule mkono wenye vidole vyembamba vya fundi saa.

"Nimekusamehe, Mzee. Leo najua ninachokisamehe. Dunia na akhera."

Lakini hata yeye aliona kwamba hiyo ilikuwa radhi ya chumbani tena. Akatoa simu, akafungua ule ukurasa, na kwa jina lake mwenyewe akaandika mbele ya wote: "Mzee Abdulwahid kanitaka radhi na mimi nimempa. Haki ilikuwa yangu na nshaisamehe. Muacheni aende salama." Akaituma, akaiweka simu juu ya mkeka baina yao. Wakaitazama wote wawili.

Jibu la kwanza halikuchelewa. Liliandikwa na mtu asiye na picha, aliyejiita Simba wa Jukwaa.

"Kakupa ngapi safari hii, msaliti?"

Mzee Abdulwahid alilisoma. "Nimjibu?" aliuliza, na mkono ulikuwa tayari unaielekea simu. "Nimwambie nini huyu?"

Usi aliona kwamba neno lile, lililomnyima usingizi misimu miwili, limempita tu. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Muache, Mzee. Na yeye siku moja atataka kwenda Hija."