Rundo la Mawe Kando ya Banda la Kuku

Siku moja bado naikumbuka, mwanangu: nimesimama uani na fimbo mkononi, namtukana mwewe, kumbe mwewe wa watu hana kosa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, tunakaa upande wa Geita kwenye machimbo madogo. Mama yangu, kule kwetu Kagongwa, alinipa tetea mmoja mwekundu siku ya kunisindikiza, akasema, "Nyumba isiyo na kuku haina wa kuiamsha." Haukupita muda akafariki. Uzao wa tetea yule ndio mkono wa mama uliobaki kwangu.

Akatotoa, vifaranga wakaisha. Akatotoa tena, wakaisha. Hata matetea waliofanikiwa kukua wakatoweka mchana kweupe, mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye peke yake, ameatamia mayai. Nikafunga vitambaa juu ya miti, nikapiga debe, macho angani tu.

Kando ya banda palikuwa na rundo la mawe. Mume wangu, Shija, alikuwa mchimbaji, na wachimbaji wa kule huweka mawe yao nyumbani yakisubiri zamu ya karasha, ile mashine ya kusaga. Hayaguswi. Hata mtoto akiyakalia, anafukuzwa.

Ndipo akaja mama mkwe, amebeba dagaa wa Nkome, kule ziwani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mayu, binti yangu. Mbona unagombana na mawingu?"

Nikamweleza habari za mwewe. Aliinama, akachomoa ganda la yai katikati ya mawe.

"Siku hizi mwewe anakula mayai chini ya mawe? Huyu ni nguchiro. Mmempangisha chumba, na chakula mmemwekea mlangoni."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo nilikuwa sijaikung'uta.

Shija aliporudi, mama yake akamwambia mawe yahamishwe; akakataa katakata. "Mama, hayo mawe yana dhahabu."

"Na hayo mayai yana nini? Mawe hayafi yakihamishwa."

"Yataibiwa."

"Basi kalale nayo wewe, mbadilishane na nguchiro!"

Shija alicheka, lakini hakuinuka. Nikachukua karai, nikaanza kuyahamishia mbele ya dirisha letu, mahali ambapo angeyaona hata akiwa kitandani. Jirani akaniita kutoka uzioni, "Shemeji, na wewe umeanza kuchimba?" Nikamwambia ndiyo, nawatafuta kuku wangu.

Nilipofika mawe ya chini, nguchiro akachomoka kati ya miguu yangu, akapotelea porini. Pale alipotoka palikuwa na manyoya, maganda, na mguu wa kuku. Shija aliutazama mguu ule. Akanipokea karai. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tulimaliza pamoja, tukafyeka kuzunguka, tukalijenga banda upya juu ya nguzo. Tetea akatotoa. Mchana vifaranga tukawafunika kwa tenga, na safari hii wakakua.

Shija tumemzika mwaka huu, na sitamsingizia aliyelala: yale mawe yalitoa dhahabu, kidogo, akaninunulia khanga. Hakuwa mjinga. Alitazama upande mmoja, kama nilivyotazama juu tu. Siku za msiba tulichinja majogoo; matetea nilikataa wasiguswe, wengine wakaninung'unikia. Tulipotoka kuzika, nilipita bandani kwanza, nikawapa maji, ndipo nikaketi kulia.

Nawe, mwanangu, kuku wakipungua, usianze kumlaumu wa mbali. Chunguza kile mnachokitunza wenyewe karibu na banda, iwe mawe, kuni au nyasi. Kihamishe, hata kama kina mali ndani. Vifaranga wafunike mpaka waweze kukimbia. Jogoo badilishana na jirani, asije akapanda watoto wake. Chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, usiikwepe. Na tetea aliye mlezi mzuri usimchinje kwa kumwonea haya mgeni. Mgeni ataondoka, na wewe utabaki na banda tupu. Kazi hii haingoji moyo utulie. Ifanye hata machozi yakiwa usoni.

Mungu akupe kila jioni hesabu ya kuku iliyotimia. Na siku nyumba yako itakapopungukiwa na mtu, kama yangu, isipungukiwe na sauti ya kukuamsha.