Kesi ya Matusi ya Mama

Mama yangu alikuwa anatukana maiti, na alikuwa anaitwa kwa heshima zote aje kutukana. Ninalisema hili mapema kwa sababu kampuni iliyofunga tovuti yangu ilisikia sentensi hiyo ikaziba masikio. Kwetu Mgeta kila ukoo una watani wake, na mtani asipotokea msibani watu wanaulizana kulikoni. Akitokea, analizuia jeneza mlangoni na kumwambia marehemu aamke, aache uvivu, zamu yake ya kumwagilia kabichi imefika. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatiririka. Mtu akizikwa bila kutukanwa, ndugu zake wanaona haya.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Kila likizo nilikuwa napanda mlimani kurekodi utani wa misibani kwa simu, kisha naziweka sauti hizo kwenye tovuti niliyoitengeneza mwenyewe, mbaya mbaya hivi, yenye rangi za kuumiza macho. Ilihifadhiwa na kampuni moja ya Dar es Salaam. Mama alipofariki, sauti yake ilibaki kwenye rekodi moja tu, ya siku aliyokwenda kumtukana jirani yake aliyekufa. Simu niliyorekodia iliibiwa stendi ya Msamvu, na nikajigamba mbele ya walimu wenzangu kwamba mwizi amepata simu tupu, mama yuko salama mtandaoni.

Kisha ikaja barua pepe. Ndugu mteja, tovuti yako imefungwa kwa kukiuka masharti yanayokataza kudhalilisha marehemu. Data zote zitafutwa muda uliotajwa kwenye mkataba ukiisha. Mkataba wenyewe nilikuwa nimeukubali kama wanavyoukubali Watanzania wote, kwa kubonyeza.

Nikapiga simu. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa na adabu mno.

"Kwa hiyo mwalimu, unakubali kwamba ni matusi?"

"Ni matusi, ndiyo. Lakini ya heshima."

Akaniomba nisubiri kwenye laini, wakanipigia muziki mpaka salio likaisha.

Nikaenda mahakamani. Nilikuwa na hasira, tena hasira ya mtu anayeona mama yake anakaribia kuzikwa mara ya pili na watu wasiomjua. Mahakama ikatuelekeza tuanze na usuluhishi, nami nikajiandaa kikamilifu. Shahidi wangu mkuu alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, aliyeshuka kutoka Mgeta kwenye lori la karoti, ameketi mbele kwa dereva, kitenge chake kimenyooka kana kwamba anakwenda harusini. Kazi yake ilikuwa moja tu: kumweleza msuluhishi maana ya utani.

Wakili wa kampuni alikuwa kijana mtanashati, suti imemkaa vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

Akataja kwao. Mama mkubwa akapiga kofi moja kubwa. Kabila la wakili na sisi Waluguru ni watani tangu enzi za mababu.

"Kumbe ni wewe, mtumwa wangu! Nani kakuvalisha suti?"

"Nimeivua kwenye maiti ya mjomba wako, bibi. Yeye ya nini tena?"

Mama mkubwa nusura aanguke kwenye kiti kwa kucheka. Msuluhishi, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliweka kalamu chini. Mimi nikaruka.

"Mheshimiwa, umesikia? Wakili wa kampuni amemdhalilisha marehemu humu humu ndani!"

"Huo ni utani tu," wakili akasema.

"Ndicho tulichokuja kusema!"

Nilijiona nimeshinda. Nilikuwa tayari naitunga ile hadithi nitakayowasimulia walimu wenzangu. Wakili hakuhangaika na mimi. Alimgeukia shahidi wangu, akainamisha kichwa kidogo.

"Bibi, mtani akibeba kuku wako, unamshtaki wapi?"

"Nimshtaki kwa lipi? Anakwenda kumla."

"Basi hizo sauti nimezibeba mimi."

Mama mkubwa akamtazama kwa upendo ambao mimi mwanawe sijauona miaka mingi. "Ah, kama ni wewe, zimekwenda kihalali," akasema. Kisha akashangaa kuniona nimenuna.

"Mama mkubwa, tumekuja kushtaki."

"Mtani hashtakiwi, mwanangu. Hivi shuleni mnafundisha nini?"

Baada ya hapo sikuwa na kesi, nilikuwa na bibi aliyefurahi. Msuluhishi akapendekeza njia ya katikati: tovuti ifunguliwe, sauti zirudi, lakini kampuni ichuje maneno ya kudhalilisha. Siku za kufutwa data zilikuwa zinakaribia. Nikasaini. Wakili akamsindikiza mama mkubwa mpaka getini wakitukanana.

Tovuti ilirudi kweli. Waliopewa kazi ya kuchuja waliifanya kwa uaminifu wa kutisha, wakafuta na nakala za mwanzo. Nilifungua kwanza rekodi ya mama. Anabisha hodi. Anasema, "Jamani, nimefika." Kisha unasikika mlio mrefu wa kuziba maneno, kicheko cha watu, mlio, kicheko. Katikati anakohoa, na kikohozi wamekiacha kwa kuwa hakikiuki masharti. Nililia, halafu nikaanza upya, nikisikiliza na kujaza mwenyewe yale ninayoyakumbuka. Tusi la kwanza ninalo, la pili ninalo nusu. La mwisho ndilo lililowamaliza waombolezaji; mjane anasikika akicheka na kuomba aachwe apumue. Nimemwuliza mama mkubwa, hakuwepo msiba ule. Mjane mwenyewe tulishamzika. Mimi nilikuwepo, nimeshika simu, na sikumbuki mama alimwambia nini.