Mwanaanga na Kibla

Ndugu zangu, Kibiti sirudi karibuni, na sababu ni mdomo wangu mwenyewe.

Mimi hutunga hadithi za roketi. Kwenye tamasha letu la waandishi pale Kibiti, mwandaaji, Bi Salma, alitutumia mada, kila mmoja achague anayoiweza. Nikaiacha ya roboti, niliyoijua, nikachukua “Mwanaanga na Kibla”, maana ilinukia usomi. Mkwe wangu mzee Hamisi alikuja kutoka Mchukwi kuhakikisha kama uandishi ni kazi kweli. Nikamweleza yeye na ukumbi mzima namna msafiri wa sayari ya Mirihi atakavyoitafuta Makka katikati ya nyota.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Mzee Hamisi akasimama.

“Mkwe, tuswalishe.”

Sijawahi kuswalisha, lakini baada ya maneno yale ningesemaje? Nikatandika mswala kuelekea ukuta wenye bango la tamasha, kwa kuwa ndiko watu walikokuwa wakitazama asubuhi nzima. Nikainua mikono.

Nyuma yangu nikasikia mikeka inaburutwa. Nikageuka. Safu nzima imenipa mgongo.

Mzee Hamisi hakugeuza hata shingo.

“Mkwe, teremka kwanza huko Mirihi. Makka iko huku.”