Mwaka Mbayuwayu Walipowahi

Harufu ya mafuta ya taa ikinipiga puani, hata leo, nasikia kucha ndogo zikikwaruza ndani ya katoni. Ni mwaka 2016, nina miaka kumi, na mimi na Mama tunapanga chumba cha uani huko Troyeville. Kibarazani, chini ya paa, palikuwa na kiota cha udongo, na kila baridi ilipoisha mbayuwayu walirudi kukiziba nyufa kwa makelele mengi, utadhani wao ndio wenye nyumba. Mama, mzaliwa wa Kalemie kwenye joto, hakuwahi kuielewa baridi ya Johannesburg. Kalenda ya huku hakuiamini. Aliwaamini wao.

Mwaka ule waliwahi. Mama alitoka na kitana chake cha kusukia mkononi, akawatazama, akacheka peke yake, kisha akampigia simu dada yangu Furaha. Furaha alibaki Kalemie kwa bibi tangu mimi nikiwa mgongoni, na kwa muda mrefu Mama alikuwa akimwambia angoje baridi ipite ndipo aanze safari.

"Kuya sasa, mama," alimwambia, maana kwetu binti huitwa mama. "Ndege zimerudia, baridi imekwisha. Usibebe makoti, yatakulemea bure njiani."

Furaha akaanza safari. Alipiga simu kutoka Lusaka, akapiga tena kutoka Harare: angevuka mpaka na wenzake kwa miguu, porini, kwa kuwa hakuwa na karatasi. Siku aliyotarajia kuvuka, sisi tuliamka na mvua iliyochanganyika na barafu. Redio ya jirani ikasema baridi imeshika hadi Limpopo, kwenye mto wa mpakani.

Tuliwakuta mbayuwayu sakafuni kibarazani, wamejikunyata, macho nusu wazi. Mama hakwenda saluni kusuka wateja. Aliwasha hita ya mafuta ya taa, akaniagiza katoni ya mikate pale spaza, kiduka cha mtaani, akatandika kitenge chake ndani, akawapanga humo. Akawa anawapulizia pumzi mmoja mmoja. Kila baada ya kitambo alijaribu simu ya Furaha, na kila mara haikupatikana.

Bi Zuhura, jirani yetu wa kutoka Tanga, alileta chai. "Mama Furaha, hawa ni ndege tu. Hebu kaa unywe."

"Ni miye nilimwambia akuye," Mama alisema bila kugeuka.

Bi Zuhura akaweka kikombe chini, akatoka.

Nami, niwaambieni ukweli, nilikuwa na raha tele. Hakuna shule, chumba kina joto, Mama yupo nyumbani, na nina ndege wa kuwapa majina. Niliwapa majina ya walimu wangu. Lakini mmoja baada ya mwingine waliacha kukwaruza. Yule wa mwisho Mama alimtia kifuani, ndani ya blauzi, akatembea naye huku na huku chumbani hadi jioni, na hata nilipomwambia kichwa kimelegea hakutaka kumtoa.

Furaha hakufika. Walifika wasichana wawili aliosafiri nao, wakasema walipotezana naye mtoni kwenye mvua. Alikuwa na blauzi tu, walisema, na kabla ya hapo alikuwa akimwomba kila mtu koti. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akawapikia, wakala. Kisha akaenda kuuliza vituoni, hospitalini, makanisani, kote mtu alikoweza kuuliza. Mpaka leo hatuna kaburi.

Nilidhani nimeyaelewa hayo yote tangu utotoni. Lakini mwaka juzi binamu yangu alipiga simu kutoka Kalemie. Naye alitaka kuja, akamwuliza Mama kama huku joto limeingia. Mama alinikabidhi simu, akatoka, na ndipo nilipoona mzigo aliokuwa nao miaka yote hiyo. Nje jua lilikuwa kali, watu wamevaa fulana. Binamu akaendelea kuita, alo, alo.